Asai Bila Sukari

Perry Barr, Birmingham
27 Aprili 2025

Dada yangu Mwanakhamis,

Shikamoo. Naubusu mkono wako kutoka huku kwenye baridi, ambako wenyewe wanasema ni majira ya maua lakini mimi bado nalala na soksi. Natumai Wete mko salama na masika hayajaingia jikoni kwako kama mwaka jana.

Huku sote wazima. Nasreen alijifungua mwezi uliopita, mtoto wa kike, wamempa jina la mama yetu. Ana mapafu ya mama pia. Akilia, Great Barr nzima inajua. Zainab yuko huko kwa binti yetu, anamkanda na kumlelea mtoto. Mimi niko nyumbani, kazini naenda kama kawaida kule karakana ya treni Tyseley. Sina neno.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yako huwekwa spika, na ukoo mzima hukaa kitako kusikiliza. Mambo mengine si ya ukoo mzima. Na najua utanirudishia barua hii imejaa wino mwekundu, kama ulivyonifanyia miaka yote. Mwalimu hastaafu.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa kwanza daktari aliniambia nina kisukari. Usishituke. Alinipa vidonge, nikavimeza siku kadhaa, tumbo likavikataa, kwa hiyo nimepumzika navyo kidogo. Lakini nimepata njia bora. Bwana Chhotubhai, mwenye duka karibu na stesheni, mzaliwa wa Jinja, Kiswahili hajakisahau ingawa hukipeleka anapotaka mwenyewe. Alinitolea kwenye friza pakiti ya kitu cheusi kama wino.

"Azizi, hii tunda ya Brazili iko kali sana. Moyo, damu, tumbo, yote nasafisha."

"Na sukari?"

"Sukari nakimbia yenyewe."

Tunda linaitwa asai. Linaota juu ya mti kama mpopoo, punje ndogo ndogo nyeusi. Ukilionja peke yake halina ladha ya kueleweka, kwa hiyo nimeanza kulitafutia mapishi. Ijumaa iliyopita niliisaga pakiti nzima pamoja na tui la nazi na hiliki. Kifuniko cha blenda sikukibana sawasawa, na nilikuwa nimeshavaa kanzu. Nilisali Ijumaa nimejifunga koti hadi shingoni, natiririka jasho, jirani yangu safuni akasogea kando akidhani nina homa. Dari la jikoni sitalieleza.

Nitumie ushauri. Wewe ndiye uliyekuwa ukitengeneza juisi zote za harusi.

Ndugu yako,
Azizi


Wete, Pemba
18 Mei 2025

Azizi ndugu yangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa mtoto, Mungu amkuze, na mapafu hayo awe nayo hivyo hivyo. Wanawake wa ukoo huu bila mapafu hatusikilizwi. Huku masika yamepita jikoni, yakatoka, na mimi sijambo. Mzima kabisa. Ukiona mwandiko si ule wa zamani, ni kalamu mpya.

Nimesikia habari ya asai yako. Nilimweleza jirani yangu hapa, Bwana Mkubwa, yule karani mstaafu wa posta, naye akaniuliza inafananaje. Nikamwambia: hiyo ni zambarau iliyopata viza. Zambarau zimejaa Pemba nzima, watoto wanazikanyaga njiani, hakuna aliyewahi kusema zinasafisha moyo. Ikitoka Brazili ndani ya barafu, mtu anavua kanzu kuipokea.

Ushauri wangu ni huu. Tui usilisage na kitu kichachu, litakatika. Tumia mtindi. Hiliki weka kidogo, na mdalasini. Sukari usitie.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza: vidonge havipumziki, Azizi. Vidonge si ng'ombe wa kulima. Unavimeza au huvimezi?

La pili: arubaini ya mtoto imekwisha. Zainab bado anakanda nini huko, mikate?

Dada yako,
Mwanakhamis


Perry Barr
8 Juni 2025

Dada yangu,

Shikamoo, na Idi njema, ingawa itakapokufikia nyama itakuwa imeshakwisha. Barua yako imekuja peke yake, bila yangu iliyojaa wino mwekundu. Nimejiuliza kama siku hizi naandika vizuri.

Mtindi nimeujaribu. Unafaa, lakini una ugwadu hata mtu anajuta. Nikaona mwili wa mgonjwa unahitaji kutiwa moyo, nikaongeza ndizi mbili, tende kumi, asali, karanga, na maziwa ya kopo kidogo juu ili ishikane. Dada, nilikula bakuli la kwanza nimesimama. La pili nilikaa. Sasa nakula asubuhi na jioni, na najihisi kijana. Miguu inakufa ganzi kidogo usiku, lakini hiyo ni sakafu ya karakana.

Juzi Idi tulikusanyika Great Barr kwa Nasreen. Wakwe zake walikuwepo, watu wa heshima, wamevaa vyeupe kwa ajili ya picha. Mimi nilikuwa nimekesha napika kaimati za asai. Unga niliukanda na asai badala ya maji, nikazikaanga, nikazitia kwenye shira. Zilikuwa nyeusi kama mawe ya barabarani, lakini tamu! Sinia liliisha kabla ya pilau. Kisha mpiga picha akasema watu watabasamu. Wakatabasamu. Hakukuwa na jino jeupe hata moja pale ndani isipokuwa la mtoto mchanga, naye hana. Mama mkwe wa Nasreen alionekana kama mtu aliyetafuna kaniki.

Zainab alichukua moja, akaing'ata, akairudisha sahanini. "Zina sukari kiasi gani?" akaniuliza. Nikamwambia robo tatu kilo, lakini asai itaikimbiza. Akaenda jikoni, na sikumwona tena mpaka nilipoondoka.

Nasreen mzima, wiki iliyopita alikwenda hospitari kuchanja mtoto. Na mimi hospitari wameniita mwezi ujao kupima damu. Nitawapelekea asai waione.

Kuhusu Zainab, mtoto halali vizuri. Ndiyo sababu.

Azizi


Wete
29 Juni 2025

Azizi,

Marahaba, Idi njema nawe. Huku tulichinja, tukala, tukashiba, na habari za kaimati zilitufikia siku ileile saa tisa alasiri.

Ndiyo, zilitufikia. Zainab alipiga simu. Hupiga kila Jumapili na sikukuu tangu mwezi wa nne. Na kama unavyosema mwenyewe, simu yangu iko spika. Kwa hiyo wewe unaniandikia kwa kalamu, unafunga bahasha, unalamba stempu, unaificha siri yako wiki tatu baharini na angani, na huku binamu zako wote, wake zao, na yule fundi aliyekuja kuziba paa wanajua kwamba mkeo amekuhama. Fundi amesema anakuombea.

Sitaki kuyaandika aliyoyasema. Nataka uyaandike wewe. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba haelezwi na dada yake kwa nini mkewe hayupo.

Kuhusu tende kumi, asali na maziwa ya kopo: hilo si tunda, hilo ni shetani amevaa kilemba. Hata mtoto wa darasa la pili angejumlisha.

Meza vidonge. Nikikwambia umeze nina sababu zangu, na sababu zangu si za kuandikwa.

Mwanakhamis


Perry Barr
20 Julai 2025

Dada Mwanakhamis,

Shikamoo. Watoto wazima, joto limetukamata hata huku, watu wanatembea barabarani kama wamesahau nguo nyumbani. Salamu zimeisha, niseme.

Wiki tatu baada ya daktari kunipa vidonge, nilimwambia Zainab kwamba tumbo limevikataa. Akaniambia nirudi nikaelezwe, labda nipewe vingine. Nikasema ndiyo, kesho. Kila asubuhi nilikuwa natia kidonge mdomoni mbele yake, kisha nakitema mlangoni nikienda kazini na kukitia mfukoni. Mwezi wa nne alikuwa anatafuta funguo kwenye koti langu la kazi. Akatoa karatasi ya halua niliyoila nusu. Ndani yake, pamoja na halua, vilikuwamo vidonge hamsini na viwili. Alivihesabu mezani, mbele yangu, kama anavyochambua mchele.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Azizi, nilimzika baba yangu kwa sukari. Mguu kwanza, kisha mwenyewe. Wewe sikuziki. Ukitaka kufa, kufa, lakini mimi sitakaa hapa kukuandalia sanda." Akachukua begi. Nikamwambia watu niseme nini? Akasema, "Waambie naenda kukanda." Ndivyo nilivyokwambia.

Kweli nilivyohisi ni kwamba nikianza kumeza vidonge basi mimi ni mgonjwa. Na asai si kidonge. Asai ni tunda, na mtu anayekula tunda hana ugonjwa, ana busara. Umeniambia nijumlishe; nimejumlisha.

Jumatano nilikwenda hospitali, damu walishaichukua wiki iliyotangulia. Muuguzi anaitwa Abshiro, Msomali aliyekulia Nairobi, tunaelewana. Nilimpelekea asai yangu kwenye chupa. Akaonja kijiko kimoja, akafumba macho.

"Wallahi ni tamu. Umeweka nini?"

Nikamtajia kimoja kimoja. Akaweka kijiko chini.

"Mzee, hii si dawa. Hii ni harusi."

Kisha akanionyesha majibu ya damu. Sukari imepanda kuliko mwezi wa kwanza. Akanivua soksi, akanigusa vidole vya miguu kwa kitu chembamba, ananiuliza nasikia? Vingine nilisikia. Viwili sikusikia.

"Na macho?" akaniuliza. "Wengi huanzia macho. Na hawasemi, hao ndio wananiuma roho. Unakuta mtu ameshaanza kutafuta mtu wa kumsomea barua zake, na bado anakwambia yuko fiti."

Dada, nilikuwa nimeinama navaa soksi. Nikabaki nimeinama.

Barua zako mbili za mwaka huu zina mwandiko wa kuinama kulia, mzuri, wa ofisini. Wako haukuwahi kuinama popote. Na katika barua ya Idi niliandika "hospitari" kwa r, mara mbili, makusudi. Nilikuwa nataka kukuchokoza tu, nione umekasirika. Hukusema kitu. Wewe, ambaye ulinirudishia barua ya kifo cha mama kwa sababu ya koma.

Sikupiga simu kukuuliza, maana ningekuuliza mbele ya fundi.

Nani anakusomea?

Vidonge nimeanza kumeza Jumatano ileile. Abshiro amenibadilishia, hivi havigombani na tumbo. Sikuvimeza kwa sababu ya Zainab wala daktari. Nilivimeza kwa sababu niliogopa, na niliogopa kwa sababu yako.

Azizi


Wete
24 Agosti 2025

Ndugu yangu Azizi,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili. Nilisomewa siku hiyohiyo, nikamwambia msomaji airudishe kwenye bahasha na asiseme neno. Ndiyo maana nimechelewa.

Anayeandika ni Bwana Mkubwa. Tangu mwezi wa kumi mwaka jana jicho la kulia lina ukungu, na la kushoto linaona vidoa kama nzi. Nilidhani miwani. Nilibadilisha miwani mara mbili, nikamlaumu fundi miwani mpaka akaacha kunisalimia.

(Mimi Mkubwa naomba radhi kuingilia. Hiyo r ya "hospitari" niliiona. Nikaona si adabu kusahihisha barua ya mtu. Miaka thelathini na moja posta nilipitisha makosa makubwa kuliko hayo.)

Usimsikilize. Sasa nitasema lililonikaa kooni. Sukari ninayo miaka sita. Vidonge niliviacha miaka mitatu iliyopita nikawa nakunywa maji ya mwarobaini, machungu ajabu, nikiamini kwamba kitu kichungu namna hiyo lazima kinafanya kazi. Nilipokuandikia kwamba vidonge si ng'ombe wa kulima, vya kwangu vilikuwa kabatini, nyuma ya sahani za wageni. Mwanafunzi angenifanyia hivyo ningemchapa.

Nilikuwa naona aibu. Mwalimu akiacha kuona herufi, amebaki na nini? Wewe ulitema mlangoni, mimi nilificha kabatini. Mama alizaa watoto wawili na akili moja.

Nitakwenda Unguja kwenye hospitali ya macho siku moja wiki hizi.

(Ni Jumanne, tarehe mbili Septemba. Tiketi za boti nimeshakata, yake, yangu na ya binti wa binamu yake wa kumsindikiza. Alisema "siku moja"; mimi nimeandika tarehe. — Mkubwa)

Na Zainab usimfuate Great Barr na kaimati. Usimfuate na kitu chochote. Meza dawa yako, kaa kwako.

Mwanakhamis


Perry Barr
5 Oktoba 2025

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwandishi wako naye asalimiwe, na ahsante kwake kwa simu. Alinipigia kutoka mlangoni mwa wodi, hakuweka spika, alinong'ona kama mwizi: wamekuchoma jicho kwa mwanga, la kushoto limesalimika, la kulia litabaki na ukungu wake lakini halitazidi, ukiendelea na dawa na kurudi kila wanapokuita. Nilikuwa karakana. Nilikaa chini ya behewa dakika tano, msimamizi akaja kuuliza kama nimejigonga. Nikamwambia dada yangu ameona. Hakuelewa, lakini alinipa chai.

Nami nimerudi kwa Abshiro. Namba imeanza kushuka. Akaniambia vidonge ndivyo vilivyofanya kazi, si asai, nisije nikaanza kuhubiri msikitini. Asai haina kosa, anasema, kosa ni msafara unaokuja nayo. Kwa hiyo sasa naila peke yake na mtindi, mdalasini, na korosho tano zilizohesabiwa. Nisikudanganye. Ina ladha ya ukuta wa udongo ulionyeshewa. Bwana Chhotubhai nimemwambia, akacheka mpaka akashika friza. "Mimi pia sikuli hii, Azizi. Mimi nauza tu."

Sasa sikiliza lililotokea jana.

Jumamosi, kama saa tano asubuhi, nilikuwa jikoni nakula bakuli langu. Mlango ukafunguliwa kwa ufunguo. Zainab. Hakuwa na begi. Akasema amefuata mbuzi yake ya kukunia nazi, Nasreen anataka wali wa nazi.

Nikamwambia iko mahali pake. Hakwenda kuichukua. Alitazama bakuli, akatazama boksi la vidonge lililokuwa wazi karibu na birika, akalishika, akahesabu vilivyobaki kwa kidole. Nami nikakaa kama mtoto anayekaguliwa kucha. Akahesabu mara ya pili. Kisha akavuta kiti, akachukua kijiko changu mkononi mwangu, akaonja asai.

Uso wake, dada, ungekufanya ucheke ukiwa na jicho moja.

"Unakula hii?"

"Kila siku."

"Bila sukari?"

"Bila."

Akachota tena. Nikadhani anahakikisha. Akachota cha tatu. Alikula mpaka akafika chini, uso umekunjamana, na mimi nimekaa mbele yake mikono mitupu, kwa sababu kifungua kinywa changu ndicho kilichokuwa kinaliwa.

"Mbaya sana," akasema.

"Najua."

"Baba angeila hii," akasema, "angekuwa hai." Si kweli kwamba asai ingemponya, wala yeye hakuwa na maana hiyo. Machozi yalimtoka mawili tu, akayafuta kwa ncha ya mtandio, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kwa nini mapazia hayajafuliwa tangu alipoondoka.

Hakusema amerudi, wala sikumuuliza. Aliwasha simu, akamwambia Nasreen anunue wali dukani. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari wake.

Nakomea hapa. Ananiita mezani, na unamjua: haiti mara mbili.

Ndugu yako,
Azizi